Mhunzi Aliyenifulia Hilali

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivi mwanzo ili tuelewane. Nilitoka Samburu na mbuzi wawili na kamba moja, darasa la tatu nililiacha mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, na leo nikipita barabara ya Msambweni watu wananisogezea kiti. Nimewahi kuuziwa ng'ombe aliyepakwa rangi. Nimemwona mtu aliyetangazwa amekufa akaja mwenyewe matangani kudai suruali yake. Nimefanya biashara na Wadigo, Wakamba, Waarabu na Wajerumani wa Diani, na hakuna aliyenila. Kwa hivyo nikisema kwamba yule Mhunzi sijamwelewa mpaka leo, usidhani nilimshangaa. Nilimshuku. Anayeshangaa hufungua kinywa. Anayeshuku hufunga mfuko.

Watu wote walimwita Mhunzi. Mimi nilimwita Mzee, kwa kuwa alinizidi umri kwa mbali, na yeye aliniita Tajiri. Neno hilo likitoka kwa wengine lilikuwa heshima. Likitoka kwake nilijipapasa kuona kama pochi ipo.

Kibanda chake cha makuti kilikuwa nyuma ya bucha yangu, na ukuta mmoja tulishirikiana. Hakuwa na mashine. Alikuwa na kipande cha reli alichokizika nusu ardhini cha kufulia, na rimu ya baiskeli iliyozungusha kifeni cha kupuliza makaa. Chuma chake kilikuwa springi za malori. Nilimwuliza zinatoka wapi, akanijibu, "Zinachoka kubeba, zinakuja kwangu kupumzika." Hilo si jibu la mtu safi. Asubuhi moja niliikuta pikapu yangu imeinama upande kama mzee anayeumwa kiuno, kutazama chini, jani moja la springi halipo. Nikaenda moja kwa moja kibandani.

"Mzee, shikamoo. Springi yangu."

"Marahaba." Akanionyesha lundo kwa koleo. "Chagua yako, Tajiri. Mimi nimeziuliza, zote zimesema hazikujui."

Nikasimama pale natazama vyuma vyote vimefanana kama mapacha. Nikarudi zangu.

Alikuwa na tabia ya kusoma vifaa vya watu. Ukimletea panga hakutazama makali kwanza, alitazama mpini umelika wapi. Mtu alimpelekea jembe, akaligeuza geuza, akamwambia, "Shamba umemkodisha nduguyo, na nduguyo ana mkono wa kushoto." Yule mtu akaondoka mbio kana kwamba amevuliwa nguo. Wengine walisema ni elimu. Mimi nilisema, mtu anayejua kisu cha kila nyumba anajua pia ugomvi wa kila nyumba, na mtu wa namna hiyo si wa kumpa mgongo.

Na nyumbani kwake mwenyewe kisu kilikuwa butu! Mkewe alikuja buchani kwangu na kitunguu mkononi, "Baba Tima, nikatie tafadhali." Mke wa Mhunzi anaazima kisu! Nilimtania mzee mbele ya wateja. Hakukasirika. Alisema, "Kwangu kisu kikali cha nini? Tuko wawili tu, na tumeshagombana vya kutosha."

Upande wa dini sikumwelewa kabisa. Adhana ya adhuhuri ingelia, yeye yuko na chuma chekundu mkononi, anagonga. Ukimwambia, anajibu, "Mungu ananingoja. Chuma hakiningoji." Akimaliza ndipo anatia udhu na kwenda, safu imeshasimama, anaingia nyuma kabisa kama mtu aliyechelewa kupanga foleni ya sukari. Lakini mpelekee kisu cha kuchinjia. Hapo alikuwa mtu mwingine. Alinawa mikono. Hakukiweka chini. Alikinoa polepole, akakijaribu kwa kukatia uzi wa kanga unaoning'inia hewani, na kama uzi ulitikisika kabla ya kukatika, alianza upya. Kisha alikifunga kitambaa cheupe akakupa kwa mikono miwili. Panga alikutupia mchangani miguuni pako. Niliuliza kwa nini. Akasema, "Lile linaingia katika magugu. Hiki kinaingia katika jina la Mwenyezi Mungu."

Sasa tuje kwenye televisheni, kwa sababu bila televisheni hakuna hadithi.

Televisheni ya kwanza ya rangi upande ule wa barabara ilikuwa yangu. Niliiweka katika hoteli yangu ndogo ya chai iliyoshikana na bucha, nikaitia betri ya gari, na mlingoti wa antena nikausimamisha mrefu kuliko wa mtu yeyote. Ukinunua chai, unatazama. Alhamisi jioni kulikuwa na mchezo wa kigeni wa malkia mmoja wa jangwani, mwanamke mrefu aliyepigana na maharamia, mazimwi na wafalme wadhalimu, na kila wiki walikuja na silaha mpya. Panga zenye meno, panga zinazowaka moto, visu vinavyochomoza kwenye viatu. Watu walijaa mpaka dirishani.

Mhunzi alikaa juu ya kreti ya soda, mgongo ukutani, na kikombe kimoja cha chai ya rangi ambacho hakukimaliza ili nisipate sababu ya kumwondoa. Hakufuata hadithi. Kama malkia alikuwa analia kwa kufiwa na babake, yeye alikuwa anatazama ukutani nyuma ya malkia kuona silaha zilivyotundikwa. Na alisema kwa sauti.

"Ule wenye meno utanasa kwenye kanzu ya adui. Atabaki anavuta kama anavua papa."

"Ule mwembamba ni wa kukatia keki."

"Nyamaza Mzee, tunatazama!" vijana walimpigia kelele.

"Tazameni. Mimi nawaambia tu nani atakufa. Yule mwenye upanga mzito, mkono wake umeshachoka."

Na wallahi yule mwenye upanga mzito alikufa. Vijana wakaanza kumshuku kwamba ameshautazama mchezo mahali pengine. Mimi nikashuku zaidi.

Silaha ya malkia mwenyewe ilikuwa na umbo la mwezi wa siku ya pili. Bamba la chuma pana kama sinia, limekatwa nusu duara, makali upande wa nje, na mpini upande wa ndani ambapo ngumi inajificha. Aliurusha, ukakata shingo za watu wote, kisha ukamrudia mkononi. Vijana wakauita Hilali. Baada ya wiki chache Msambweni nzima ilikuwa hilali. Watoto waliikata kwenye maboksi. Ndizi iliyopinda ilikuwa hilali. Bwana mmoja mwenye matege aliitwa Hilali mpaka na wakwe zake. Ukisema neno lolote lenye herufi "l" mbili, watu wanasikia hilali.

Mhunzi alitikisa kichwa. "Chuma kikitoka mkononi hakirudi. Kinachorudi ni polisi."

Polisi walikuja kweli, na hapo ndipo nilipomshuku rasmi. Ule ulikuwa mwaka wa fujo. Nyumba zilichomwa, watu wa bara walifungasha, na neno panga lilikuwa la kunong'onezwa. Mtu mwenye kazi ya kufua vyuma, kila gari la serikali likipunguza mwendo, moyo wake nao unapunguza. Askari wakaingia kibandani kwake, wakahesabu majembe, wakahesabu visu, na nyuma ya gunia wakakuta upanga wenye meno. Ule ule aliousema utanasa kwenye kanzu. Kumbe mzee alikuwa anatukana silaha za televisheni Alhamisi na Ijumaa anazifua!

"Mzee, hii ni nini?" afande akauliza.

"Ni ya televisheni, afande."

"Televisheni gani?"

"Ya Tajiri, hapo mbele."

Unaona mtu? Nikaletewa askari wawili buchani kwangu, wateja wamesimama foleni. Afande akaniuliza kama ni mimi ninayefundisha watu kutengeneza silaha. Nilimwambia, "Afande, mimi nauza chai na nyama." Akaketi kuchunguza. Ilikuwa Alhamisi. Mchezo ulipoanza alikuwa bado anachunguza, na ulipokwisha akaomba apewe ule upanga aushike kidogo. Akausimamisha mbele ya uso kama malkia. Kisha akauchukua kuwa kielelezo, akaenda zake, na chai hakuilipia.

Nilimwuliza Mhunzi kwa nini aliufua kama anaudharau. Alijikuna. "Nilitaka kujua kama ningeweza," akasema. "Sasa najua, na sitaki mwingine." Nikamwamini nusu.

Baada ya fujo zikaja mvua za Elinino. Barabara zilikatika, watalii wakapotea, wafanyakazi wa mahoteli ya Diani wakarudishwa makwao, na nyama yangu ikawa inaning'inia mpaka inabadilika rangi. Mtu mwingine angefunga. Mimi nikafikiri. Watu hawana hela ya nyama lakini bado wanajaa kumtazama malkia. Je, wakimwona malkia akichinja?

Nikaenda kibandani. "Mzee, nifulie Hilali."

"Hilali si wa kazi. Ni wa macho."

"Biashara yangu yote ni macho."

"Utaukatia nini?"

"Mbuzi, mbele ya bucha, Jumamosi, watu wakiona."

Akaacha kuzungusha rimu. Makaa yakafifia. "Utachinja au utakata?"

"Si ni mamoja, Mzee?"

"Si mamoja."

Alinitazama, nami nikamtazama, nikadhani anapandisha bei. Nikaongeza. Akaanza tena kuzungusha. Huyo ndiye mtu niliyekuwa naye. Alijua anachokijua, hakukisema, akapokea kazi. Na aliufua kwa mapenzi, usidanganyike. Nilichungulia nikamwona akiupitisha kidole upinde wake kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa. Alipouleta ulimetameta mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nilitamani joho.

Jumamosi ile watu walitoka mpaka Ukunda. Mbuzi alilazwa juu ya meza ya zege. Mhunzi alishika miguu, kwa sababu nilitaka watu wamwone fundi. Nikauinua Hilali. Vijana wote wakapiga ule ukelele wa malkia, ule wa kutetemesha ulimi, na mimi nikauteremsha. Kichwa kilitoka kwa pigo moja kikabingirika mpaka kwenye viatu vya mhudumu mmoja wa hoteli, kijana wa Nairobi.

"Buda!" akaruka. "Hiyo kitu ni moto sana!"

Nyama iliisha kabla ya adhuhuri.

Bismillahi nilisema. Naandika hapa, na nitasema hivyo hivyo siku ya kuulizwa. Nani alisikia ni jambo jingine.

Mhunzi alifuta mikono. Kila Jumamosi alikuwa ananunua nusu kilo, yenye mfupa. Siku ile aliipita mizani kana kwamba haipo. Wiki iliyofuata nikamwona amebeba samaki wawili, changu, kwenye ukindu. Wiki nyingine, pweza. Nikajua amehamia bucha ya upande wa pili na samaki ni wa kunizuga. Nikamtuma mtu amfuate. Hakuwa ameenda bucha yoyote.

Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi na Hilali wangu. Biashara ilipanda mpaka nikawa nachagua wa kumkopesha. Na ndani ya nyumba yangu mke wangu akaacha kula.

Mejumaa ni mtu wa Kibuyuni. Nilisilimu ili nimwoe, na sikusilimu kwa mdomo tu. Sura ya Alhamdu alinifundisha mwenyewe, akichagua mchele, akinirudisha mwanzo kila nilipoteleza kama anavyomrudisha Tima, binti yetu. Kwanza aliacha nyama. Nikasema, labda ana mimba. Kisha akaacha mchuzi. Kisha chungu chochote kilichopikiwa nyama. Halafu akawa anashinda na chai kavu na muhogo aliopewa na jirani, na kanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Nilimwuliza anaumwa nini. "Siumwi, Baba Tima." Hospitali walitazama damu, hawakuona malaria, wakampa vidonge vya kutia hamu. Hakula vidonge wala hamu haikuja. Mimi ninayelisha nusu ya Msambweni, mke wangu ananyauka mbele ya macho yangu, na kila mteja anachungulia mlangoni kuona amebaki kilo ngapi.

Majirani wakasema ni pepo. Kwao upande wa mama kuna pepo wa Kiarabu, hilo lilijulikana. Akaitwa mganga, mama mmoja mtulivu mwenye sauti ya mwalimu, akaja na watu wake baada ya alasiri, wakaketi uani kwangu na ngoma, ubani na marashi. Mhunzi alikuja pia. Nani alimwita? Mimi sikumwita. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mgongo ukutani, vile vile kama kwenye televisheni.

Ngoma ikalia, Mejumaa kafunikwa shuka nyeupe, akaanza kutikisika. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya puani, na maneno ya Kiarabu humo ndani.

"Karibu mgeni," mganga akasema. "Tuambie, wataka nini tukupe, umwache kiti wako, huyu uliyempanda, ale?"

Mgeni akazungumza mengi. Tulishika neno moja la mwisho, nalo lilitoka likiwa limebanwa. Mimi nilisikia hilali. Uwanja mzima ulisikia hilali.

"Hilali!" mtu akapiga kelele juu ya ukuta. "Pepo anataka Hilali ya Tajiri!"

Nitasema kweli, nilivimba. Mpaka majini yanatazama televisheni yangu! Nikakimbia buchani, nikauosha Hilali, nikauweka juu ya sinia, nikaunyunyizia marashi, nikazungushia halua pembeni, nikaufunika kitambaa cha kijani. Nikarudi nao kichwani nikipita katikati ya watu, nikapiga magoti mbele ya mke wangu na kufunua.

Shuka ikashuka. Mejumaa akautazama ule upanga, kisha akanitazama mimi. Ngoma ilikuwa imenyamaza. Na sauti iliyotoka sasa ilikuwa yake mwenyewe, ile anayoitumia kumwambia Tima afunge mlango.

"Halali, Baba Tima. Nimesema halali."

Hakuna aliyecheka. Mganga akaanza kukusanya ubani wake. Nikageuka kumtafuta Mhunzi, na yeye alikuwa ameinama, anatazama mchanga.

Jioni ile Mejumaa alinieleza, mara moja tu, akikunja nguo. "Nilikuwa dirishani. Kila Jumamosi nilikuwa dirishani. Kinywa chako nilikiona kikicheka, sikukiona kikitaja. Na kichwa unakitoa chote kama unapasua nazi. Mimi sikusemi kwa watu. Lakini sitakula, na mwanangu hatakula."

"Nilisema Bismillahi!"

"Basi mtu mmoja aje aniambie alikusikia. Mmoja tu. Nitarudi siku hiyo hiyo nipike."

Akaenda kwao Kibuyuni na Tima. Nami nikabaki na nyumba, bucha, hoteli, televisheni ya rangi, na neno lililotoka uani kwangu likatembea barabara nzima kabla ya magharibi. Nimesema halali. Asubuhi hakuna aliyekuja kununua hata utumbo.

Mtu mmoja tu. Na aliyekuwa karibu kuliko wote, sikio lake kwenye mkono wangu, ni yule aliyeshika miguu.

Nikamkuta anapiga tupa kwenye shoka. Hakuinua kichwa.

"Mzee, shikamoo. Ulikuwa umeshika mbuzi. Ulinisikia."

"Marahaba. Nilikuwa natazama makali."

"Masikio hayakuwa yanatazama."

"Vijana walikuwa na kelele, Tajiri."

"Basi sema tu ulinisikia! Twende Kibuyuni, useme neno moja, turudi. Nauli yangu, chakula changu. Paa lako nitaliezeka upya."

Akapuliza unga wa chuma. "Nimewahi kukuuzia kisu butu?"

"Hapana."

"Basi usinitake nikuuzie kiapo butu."

Nilitoka mle. Nikaanza kupanga mambo kichwani. Yeye ndiye aliyefua Hilali. Yeye ndiye aliyeacha nyama yangu kabla ya mke wangu. Yeye alikuja kwenye ngoma bila kualikwa. Na ukuta wa bucha yangu ukibomoka, nani angepata nafasi ya kupanua kibanda? Hilali niliutupa nyuma ya choo kwa hasira, na asubuhi haukuwepo. Siku chache baadaye mkewe akapita mbele yangu na kitunguu, hakusimama. Nilimfuata kwa macho mpaka jikoni kwake. Alikuwa na kisu kipya, kifupi, kimepinda kidogo, na kitunguu kilikuwa kinadondoka vipande vyembamba kama karatasi. Silaha ya malkia wa jangwani, inakata vitunguu vya mama wa watu! Nikamwuliza Mhunzi kimetoka wapi. Akasema, "Kilichoka kutazamwa."

Nilimrudia mara nyingi. Nilimbembeleza, nilimtisha, nilimletea sukari. Alikunywa chai yangu, akala mkate wangu, na kiapo hakutoa. Mwisho, nikiwa nimekaa juu ya kreti yake ya soda, maana sasa hoteli ilikuwa tupu na kila mtu angeweza kukaa popote, aliniambia, "Nunua dume la ng'ombe. Mpeleke Kibuyuni. Chinja mwenyewe mbele ya mkeo. Gawa yote. Usiuze hata kilo."

"Yote? Kwa wakwe?"

"Kisu nitakuja nacho mimi."

Nilijua tu! Mzee ameungana na wakwe zangu, wanataka kula ng'ombe wa bure. Nikakataa. Nikalala nyumba ile peke yangu, nikasikia panya wakitembea ndani ya sufuria. Asubuhi nikaenda Lunga Lunga kutafuta ng'ombe.

Hiyo safari ya Kibuyuni ndiyo mara ya mwisho mimi na Mhunzi kuzungumza maneno ya maana. Mwaka uliofuata alihamia kwa bintiye, kibanda kikabaki makuti.

Ng'ombe alilazwa kibla kwenye uwanja wa baba mkwe wangu. Wavuvi walisimama, wanawake wakasimama nyuma, na Mejumaa mbele yao, mikono amekunja, mashavu yamekwisha. Mhunzi akafungua kitambaa cheupe akanipa kisu kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga kelele. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuchinja kwa kimya ni kugumu, kwa sababu unajisikia mwenyewe. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, na nililisema mpaka kunguru wakaruka kwenye mnazi na bibi mmoja kiziwi akaitikia. Kisu kikapita kama kimeingia majini.

Mejumaa alichukua ini, akalichoma mwenyewe juu ya makaa, akatia chumvi na ndimu. Akakata kipande akampa Tima. Kisha akala yeye. Alikula polepole, amenigeuzia ubavu, na mimi nilisimama pale nikitazama taya lake likitembea, mtu mzima, mmiliki wa bucha, nikihesabu matonge ya mke wangu.

Tulirudi siku ile ile. Mejumaa alikataa kukaa mbele, akapanda nyuma ya pikapu na Tima na sufuria zake, amejifunga kanga kichwani. Mhunzi akakaa nami, kisu chake mapajani kwenye kile kitambaa. Tulipofika barabara kubwa nikamwuliza.

"Mzee, sasa yamekwisha. Niambie. Siku ile ya kwanza, ulinisikia?"

Akatazama mashamba ya nje. "Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Bismillahi. Uliitaja kwa kuiba, kama mtu anayeomba mkopo. Lakini uliitaja."

Nilikanyaga breki mpaka vifuniko vikalia huko nyuma.

"Na ukakataa kuapa! Miezi yote hiyo!"

"Ningeapa, angeniamini mimi," akasema. "Na wewe Jumamosi ungerudi kwa Hilali. Endesha, Tajiri. Mkeo amekaa na sufuria."

Nikaendesha. Kwenye kioo nilimwona Mejumaa ameshika ukingo wa pikapu, Tima amelala mapajani pake, na mdomo wake unatembea. Anaimba au ananisengenya, sikuweza kujua kwa mlio wa injini.

Sijui kama yule mzee alinificha ukweli kule kibandani, au alinitungia uongo mle ndani ya pikapu ili nipate usingizi. Amekwenda zake bila kusema, na bintiye naye hajui. Ninachokijua ni kwamba dume la ng'ombe, mchele wa wageni, petroli ya kwenda na kurudi, na kitambaa kipya cheupe alichosema lazima ninunue mimi, vilinigharimu shilingi elfu kumi na saba, mia sita na arobaini.